Asmini ya Meza ya Bwana

Eddah hakuwa mtu wa kutulia. Mumewe Tsofa, aliyekuwa akibeba magunia bandarini pale Mbaraki, alipenda kusema kwamba mkewe akikosa kazi hufumua mshono wa gauni lake mwenyewe ili apate cha kushona. Ulikuwa utani, lakini utani wenye ukweli ndani yake. Na hapakuwa mahali palipomtesa Eddah kama kanisani.

Kanisa lao lilikuwa dogo, la matofali ya saruji yasiyopakwa chokaa, nyuma ya nyumba za kupanga za Mbaraki. Kila Jumapili Eddah alikaa safu ya tatu, Biblia mapajani, macho yakihangaika kutafuta pa kutua. Kuta kavu, madirisha matupu. Juu ya meza ya Bwana palikuwa na chupa ya maua ya plastiki, mekundu zamani, sasa yamepauka na kushika vumbi. Mzee Kingi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ndiye aliyeyanunua kanisa lilipofunguliwa, na hakuchoka kuyasifu kwamba hayanyauki. Eddah alitamani yanyauke, hata mara moja tu, yapate kutupwa.

Kazi yake ndiyo iliyomharibu. Siku za wiki alikwenda Kuze, mtaa wa Waswahili, kwa Bi Mona, mjane aliyetunga maua ya harusi. Mwanzo alikwenda kumfulia nguo tu. Siku alipomwona Bi Mona akishona asmini kwenye uzi, tumba kwa tumba, alisahau nguo kwenye beseni mpaka povu likaisha. Bi Mona akacheka, akampa sindano. Tangu hapo, alasiri zote ziliwakuta wawili hao mkekani, sinia la matumba katikati yao. Tumba hutungwa likiwa limefumba, kama punje ya mchele, halina harufu ya kusema. Usiku hufunguka lenyewe, na asubuhi koja zima limejaa harufu, na mtaa unajua. Eddah aliyapeleka makoja hayo kwenye nyumba za maharusi, akayakabidhi mlangoni, akarudi. Ndani hakuwahi kuingia.

Mwaka wa tisini na tano, Pasaka ilipokaribia, alishindwa kuvumilia. Alimwendea Mzee Kingi baada ya ibada, akaomba apambe meza ya Bwana. Mzee Kingi alimtazama kama mtu anayetafuta hila na haioni.

"Maua si yapo, dada Eddah?"

"Yapo, Mzee. Lakini ni Pasaka."

"Haya. Bila makuu."

Bi Mona, aliposikia, alimjazia kikapu cha matumba asitake hata kushukuriwa.

"Kwani kanisani kwenu hamtii cha kunukia?" aliuliza.

"Hatutii, Bi Mona."

"Basi mtu akiingia atajuaje kuwa leo ni sikukuu?"

Swali hilo lilimfuata Eddah njia nzima. Jumamosi jioni alitunga makoja, akayaning'iniza kuzunguka meza, meupe juu ya kitambaa cheupe, akaenda nyumbani akiwa na furaha iliyochanganyika na hofu. Hakulala vizuri. Tsofa alimwambia aache kugeuka geuka kitandani kama samaki kwenye kikaango.

Asubuhi harufu ilimpokea kabla ya mlango. Alifurahi mno, machozi yakamlenga. Akaenda kukaa safu yake ya tatu, na kwa mara ya kwanza macho yake yakapata pa kutua. Hayakukaa sana.

Kanisa lilipojaa, nyuma kukaanza minong'ono. Kina mama walioishi jirani na Waswahili walitazamana, wakainamisha vichwa kwenye leso zao, mabega yakitikisika. Mwanamume mmoja alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Wote waliijua harufu ile, na walijua inakotandazwa: juu ya kitanda cha bi harusi, usiku wa kuingiliwa. Eddah peke yake hakuwa amelikumbuka hilo. Alikuwa ameizoea asmini kama mpishi alivyozoea moshi, na safari yake siku zote iliishia mlangoni. Sasa akakumbuka, na uso ukamwaka moto.

Mzee Kingi alisimama kabla ya wimbo wa pili.

"Wapendwa, hii ni nyumba ya Mungu, si chumba cha maharusi. Aliyeweka maua haya ayaondoe."

Eddah aliinuka, watu wote wakimwona, akayakusanya makoja yake kwenye kikapu. Uzi mmoja ukakatika, asmini zikamwagika sakafuni, naye akaziokota moja moja kwa magoti huku mtu fulani akicheka. Chupa ya plastiki ikarudishwa mezani.

Jibu zuri lilimjia akiwa amekwisha fika nyumbani, kama kawaida ya majibu mazuri. Si tunaimba kila siku kwamba kanisa ni bibi arusi wa Kristo? Basi anukie nini, mafuta ya taa? Alilisema jibu hilo akichota maji, akalisema akipika, akamwambia Tsofa mara tatu. Tsofa, ambaye wenzake walikuwa wamemtania kazini, alimwomba aache mambo ya maua ya kanisani. Eddah akaacha kulisema kwa sauti, lakini ndani aliendelea kulisema. Lililomuuma si kicheko. Alikuwa na kitu kimoja tu kizuri alichojua kukifanya, akampelekea Mungu, kikarudishwa kwenye kikapu. Alitaka kujua ni nani hasa aliyekikataa.

Miezi ikapita. Mwezi wa Agosti, Joy, binti yake Mzee Kingi, alimfuata mpaka Kuze kwa Bi Mona, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Dada Eddah, naolewa mwezi ujao. Nayataka yale maua ya Pasaka. Nivae shingoni, nivae na kichwani."

"Kanisani?"

"Kanisani."

"Na baba yako?"

"Baba ataniona nikishavaa."

Bi Mona alijifanya anatafuta sindano. Eddah alitaka kukataa, akajiona tayari anahesabu nyuzi kichwani.

Siku ya harusi asmini iliingia kanisani kwa mlango wa mbele, imeshikwa mkono na Mzee Kingi mwenyewe. Alitembea taratibu, shingo imekakamaa, asiweze kumwambia binti yake atoke nje avue. Nyuma hakucheka mtu, maana safari hii bi harusi alikuwapo. Ulipofika wakati wa kutia sahihi, koja lilimsumbua Joy alipoinama. Akalivua, akaliweka juu ya meza ya Bwana. Kama ni kwa makusudi, Joy hakusema, na Eddah hakuuliza. Watu wakatoka kwa vigelegele kwenda kupiga picha, koja likabaki.

Eddah alibaki pia, safu ya tatu, mikono imekwama mapajani. Alichukue? Aliache? Kabla hajakata shauri Mzee Kingi alirudi kuchukua kofia yake. Aliliona koja, akalishika. Eddah alitazama dirisha lililo karibu na Mzee, akingoja kuliona koja likitupwa nje.

Mzee Kingi alilileta puani. Alisimama hivyo muda mrefu, macho yamefumba, mabega yameshuka, akiwa baba aliyetoka kumkabidhi mwanawe kwa watu wengine. Kisha akalilaza tena juu ya kitambaa, katikati, akalinyoosha kwa vidole vyake vinene pale lilipojikunja. Chupa ya plastiki ilimzuia. Akaishusha chini, nyuma ya mguu wa meza, akavaa kofia, akatoka bila kugeuka.

Eddah alilia kidogo, kimya kimya, machozi ya mtu aliyeitwa ndani baada ya kusimama sana mlangoni. Alipomaliza kujifuta alijikuta anayatazama madirisha. Yalikuwa matupu mno, naye akaanza kuhesabu nyuzi.