Siku Meli ya Dada Ilipotia Nanga Mombasa

Dada yangu mdogo alipiga simu mchana, nikiwa nashona kola za sare za shule katika kibanda changu pale Gatina, Nairobi. Hakuniuliza habari. Alisema meli yao imebadilishiwa njia, kwamba Alhamisi ya wiki iliyofuata ingetia nanga Mombasa asubuhi na kuondoka jioni, na kwamba amembembeleza msimamizi wake hadi akampa ruhusa ya kutoka kuanzia saa nne mpaka saa tisa na nusu.

"Mniletee mtoto," akasema.

Kisha laini ikakatika, kama kawaida ya simu zake za baharini, nami nikajikuta naendelea kukanyaga cherehani wakati kitambaa kilishaanguka chini.

Mtoto huyo alikuwa na miaka sita, na aliyekuwa akimwita mama ni mimi.

Dada alimwacha kwangu akiwa na miezi kumi na mmoja, alipopata kazi ya hoteli huko Ghuba. Kutoka huko akaingia kwenye meli za watalii, idara ya kufua, chini kabisa ambako hakuna dirisha. Alirudi nyumbani mara moja tu, wiki tatu, mtoto akiwa na miaka mitatu. Baada ya hapo, kila mkataba ulipokaribia kuisha alipanga kuja, na kila mara akaitwa meli nyingine kabla hajafunga sanduku. Alituma matumizi bila kukosa. Kwa hilo simlaumu hata leo.

Wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Alipoondoka baada ya zile wiki tatu, mtoto aliniuliza yule mtu aliyemletea mwanasesere ni nani. Nikamjibu, "Ni anti." Neno lilinitoka tu. Nilikuwa nimechoka, mtoto alikuwa amelia siku nzima, na nilijiambia nitalirekebisha kesho. Kesho haikufika. Miaka mitatu ikapita na lile neno likakaa ndani ya nyumba kama kiti. Dada akipiga simu, mtoto alimsalimia "sasa", akasema "nimeshakula", kisha akakimbilia wenzake nje, kwa hiyo hakulazimika kumwita chochote. Na mama yetu, anayeishi Kambi Muru kule Kibera, alipomwambia siku za Jumapili kwamba mama yako amepiga simu, mtoto alidhani anayesemwa ni mimi.

Hakuna mtu mwingine aliyejua.

Wiki ile sikutulia. Nilimshonea mtoto gauni la maua, nikalifumua kiuno, nikalishona upya, nikalifumua tena. Nilikata mikono ya sare mbili upande mmoja, yote ya kushoto. Mara tatu nilimkalisha kitandani nimweleze, na mara zote tatu niliishia kumuuliza habari za shule. Siku ya kuondoka nilipitia Kambi Muru kumchukua mama. Nilimkuta ameshafunga mzigo, amevaa vazi lake la kanisani la umoja wa akina mama, na amemfungia binti yake karanga na kuku mkavu wa kienyeji. Nilipomwambia kwamba dada hataruhusiwa kuingia na kuku melini, alisema basi amle palepale mbele yake.

Tulipanda treni ya asubuhi. Mtoto alibandika uso kwenye kioo tangu tulipotoka stesheni, akitafuta tembo. Mimi nilikwenda chooni mara nyingi kuliko mtu mwenye ugonjwa. Kila nikirudi kwenye kiti nilisema moyoni, sasa namwambia, tukifika Voi nitakuwa nimemwambia. Voi ikapita. Mama akaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Tulilala Changamwe, kwa mwanamke aliyekuwa jirani ya mama Kibera zamani, ambaye sasa anauza mahamri. Asubuhi yake saa tatu na nusu tulikuwa tumeshasimama nje ya lango la bandari, jua likitupiga kisogoni. Meli ilionekana nyuma ya maghala, nyeupe, ndefu, madirisha juu ya madirisha, kama ghorofa zote za Gatina zimepangwa mstari mmoja na kupakwa rangi siku moja. Mabasi ya watalii yalitoka, moja baada ya jingine, yamejaa wazee wenye kofia pana. Mtoto aliitazama ile meli kwa muda mrefu.

"Nguo zao wanaanika wapi?" akauliza.

Mama akacheka. "Hiyo ndiyo kazi ya mama yako," akasema.

Mtoto akanigeukia na kuniangalia, maana kazi yangu anaijua ni kushona. Nikajifanya nafunga kamba za kiatu chake, ingawa zilikuwa zimefungwa.

Saa nne ikafika, na saa tano. Dada akatuma ujumbe kwamba wafanyakazi wote wameitwa kwenye zoezi la dharura, la kuvaa maboya na kuhesabiwa, na hakuna anayetoka mpaka liishe. Niliposoma nilisikia raha, na raha hiyo ikanitia aibu. Nilitembea kutoka lango hadi kwa muuza madafu na kurudi, kutoka lango hadi kwa muuza madafu na kurudi, mpaka askari wa lango akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Alitoka saa saba kasoro dakika kumi. Nilimjua kwa mwendo, ingawa alikuwa amekonda na ngozi yake imepauka kama ya mtu aliyetoka kuugua. Alimkumbatia mama, akanikumbatia mimi, harakaharaka, kisha akapiga magoti pale pale kwenye vumbi mbele ya mtoto. Mtoto akajificha nyuma ya sketi yangu.

"Msalimie mama yako," mama akamhimiza.

Mtoto akainua uso, akanitazama mimi. "Mama," akaniuliza, "si huyu ni anti?"

Sitasahau jinsi dada alivyoinuka. Aliinuka taratibu, akapangusa goti moja, kisha la pili, kama mtu anayejipa muda. Mama hakuelewa, au alidhani ni utani wa watoto. Dada akatazama saa mkononi.

"Twende," akasema. "Muda unaenda."

Tulipanda tuktuk hadi kule kwenye bustani iliyo juu ya mlango wa bahari, karibu na kivuko cha Likoni, kwa kuwa dada alitaka mtoto aone maji. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Mama aliendelea kuuliza maswali, wanakula nini huko, wanalala wangapi chumba kimoja, kuna kanisa. Dada alijibu akiwa amesimama. Alikaa, akainuka, akaenda ukingoni, akarudi. Alisema miguu yake imezoea sakafu inayotikisika na hapa ardhi inamsumbua. Hakunitazama hata mara moja. Mtoto alikula mihogo yake na kunifuata kila niliposogea.

Hatimaye dada alinivuta kando, hadi penye ukuta ambako mama hangesikia.

"Ulimwambia mimi ni anti?"

"Ndio."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mara ulikuja."

"Mathe anajua?"

Nikatikisa kichwa; mama hakujua lolote. Nilingoja anizabe kofi, na ningefurahi kama angenizaba. Badala yake aliniambia kuhusu kabati lake la chuma kule chini kwenye kufulia, kwamba amebandika picha nne za mtoto mlangoni, zile nilizomtumia miaka hiyo, na kwamba wenzake, wanaotoka nchi ambazo mimi hata sizijui, humuuliza kila wiki mtoto amefika darasa gani.

"Kwa meli kila mtu anajua niko na mtoto," akasema. "Ni mtoto pekee hajui."

Nilianza kusema pole, akanikatiza kwa mkono. Akasema zimebaki kama saa mbili, na anataka moja iwe yake na mtoto peke yao. Mimi na mama twende tukatembee.

Nilichuchumaa mbele ya mtoto. Nilitaka kumwambia akae na fulani, na sikuweza kusema anti, na sikuweza kusema mama. Nikasema, "Kaa na huyu kidogo. Mimi na shosho tunarudi." Alishika sketi yangu, kisha akaiachia, na hakulia.

Tulitembea kuelekea kivukoni. Hatukufika mbali kabla sijamwambia mama kila kitu, kwa sababu alishaanza kuniuliza kwa nini dada amenikunjia uso siku aliyotakiwa kufurahi. Alinisikiliza bila kusimama. Nilipomaliza alivua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga, akakivaa.

"Mimi nilidhani unamlelea dadako mtoto," akasema. "Kumbe ulikuwa unamchukua."

Akaenda kukaa kwenye kivuli cha duka, akanionyesha kwa kichwa niendelee mbele. Niliendelea. Nilishuka hadi pale watu wanapopanda kutoka feri, mamia kwa mamia, wenye baiskeli na vikapu na magunia, nikapigwa mabega kushoto na kulia. Nikapanda tena. Nikasimama mbele ya duka la leso bila kuona leso hata moja. Ndipo likanijia wazo kwamba dada amemchukua mtoto na kuondoka naye. Halikuwa na akili. Angekwenda naye wapi, na meli inamngoja? Hata hivyo nilikimbia. Mwanamke mzima, viatu mkononi, nilikimbia barabara ya Mombasa saa nane mchana huku watu wakinipisha.

Niliwakuta pale pale. Dada alikuwa ametulia chini, kwa mara ya kwanza tangu atoke bandarini, miguu ameinyoosha nyasini. Alikuwa amevua mtandio wake na kuukunja, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ukawa tembo mwenye mkonga, kama wanavyokunja taulo vitandani mwa watalii. Mtoto alikuwa akijaribu kukunja kitambaa changu cha kichwa, nilichokuwa nimekisahau pale nyasini, kiwe mtoto wa tembo na kilikuwa kikianguka. Mama alifika nyuma yangu, polepole.

"Amesema yeye ndiye alinizaa," mtoto akaniambia. "Halafu akaenda kazi. Ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Na wewe?"

"Mimi nilikulea. Naendelea kukulea."

Alifikiri, huku ameshika kile kitambaa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nilijua jibu na nilijua si la kumwambia mtoto wa miaka sita. Dada ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye nyasi.

"Aliogopa utalia," akasema.

Mtoto akasema yeye halii ovyo. Akarudi kwenye tembo wake.

Nimepokea vitu vingi kutoka kwa dada yangu, na vingine nimevisahau. Hicho sijakisahau. Alikuwa na haki ya kunianika pale mbele ya mtoto na mama, na alikuwa na dakika chache tu za kufanya hivyo, akazitumia kunisitiri.

Kurudi bandarini kulikuwa mbio. Magari yalikwama, dereva wa tuktuk akapita vichochoroni akipiga honi, dada akiwa ametoa kichwa nje kama vile angeisukuma barabara kwa macho. Alikuwa na orodha ya vitu ambavyo wenzake walimwagiza, korosho na kahawa na marashi, na hakununua hata kimoja. Alikula vipande viwili vya kuku wa mama mle mle tuktuk, mafuta yakimtiririka kidevuni, na mama akamfuta kama mtoto. Tulifika zikiwa zimebaki dakika nne. Mtoto alimpa mkono, ule mkono ulionyooka anaompa mwalimu wake. Dada aliupokea kwa mikono miwili, akaushika kidogo, akaingia langoni kwa mwendo wa kukimbia, akionyesha kadi yake huku anakwenda.

Jioni ile tulisikia honi ya meli kutoka Changamwe. Mtoto alikuwa anakula hamri.

"Sasa ameanza kufua?" akauliza.

"Ameanza," nikasema.

Mama hakunisemesha hadi Nairobi, wala Jumapili mbili zilizofuata. Nilikwenda Kambi Muru hivyo hivyo, nikamfulia, nikamchotea maji. Jumapili ya tatu aliniuliza kama nimekula, nikajua yameisha, au yamepungua.

Dada aliendelea kupiga simu, na sasa mtoto alikaa nayo. Alimuuliza maswali ya ajabu: samaki wanalala saa ngapi, meli ikitoboka watu wa kufulia wanapita wapi. Miezi minane baadaye mkataba wake uliisha, akaja, na safari hii alikataa kuitwa tena. Alipata kazi katika nyumba ya wageni, ya kufua vilevile, akapanga chumba Riruta, si mbali na kwangu. Mtoto alianza kulala kwake wikendi. Shule zilipofunga akahamisha mwanasesere wake, kisha daftari zake, kisha lile gauni la maua ambalo lilikuwa limeanza kumbana. Hakuna aliyemlazimisha. Nilipobaki peke yangu chumbani nilipanga na kupangua vyombo wiki nzima.

Siku hizi akitoka shuleni hupitia kibandani kwangu, maana shule iko hapa Gatina na dada hutoka kazini jioni. Anatuita mama sisi wote wawili na hachanganyikiwi. Wanaochanganyikiwa ni wateja. Hufanya hesabu zake juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki, nami hushona nikitazama barabara. Dada akitokea pale kona, mtoto hukusanya vitu vyake na kukimbia kumpokea, na dada hunipungia mkono. Mara nyingine huchelewa. Hapo mtoto huanza kuuliza yuko wapi, nami humwambia anakuja, na ni kweli anakuja, lakini moyoni nakuwa nikiomba achelewe kidogo zaidi. Hilo sijamwambia yeyote.