Noti Iliyomshika Fanisi

Waimbaji niliokuwa nao siku hiyo wengi wangali hai. Muulize yeyote, atakwambia siongezi chumvi. Na haikuwa usiku. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua likichoma mabati ya kanisa letu Kawangware, miaka ile ya sabini.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya. Ngoja nikueleze jambo dogo kwanza. Ukisikia noti ya wimbo, misuli ya koo lako hujipanga kuiimba kabla hujafungua mdomo. Weka vidole viwili kooni, mwambie mtu aimbe juu, kisha chini. Umehisi? Usiogope, ni kawaida. Ndivyo nilivyowafundisha: nyamazeni, shikeni koo, liacheni lifuate.

Basi akaingia mwanamume mwenye koti la kijivu. Kwetu, mgeni akitukuta mazoezini hupewa heshima ya kutoa sauti ya kuanzia.

"Karibu, baba. Tupatie sauti."

"Afadhali leo!" Fanisi, mdogo wangu, kiongozi wa nyimbo, akanitania. "Yako, mwalimu, ni ya mbuzi aliyefungwa kule Riruta."

Watu wakacheka. Mgeni akatoa noti moja, nyororo, ndefu. Vidole vyetu vikiwa kooni, tukalihisi koo likijipanga. Nikatazama koo la mgeni. Niamini: halikutikisika. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Nilitaka kusema, "Inatosha, baba." Ikatoka noti ile. Sote tulikuwa tukiiimba, na hakuna aliyeweza kuacha. Fanisi alijikaba koo kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, akinitazama mimi, mwalimu wake, nimwambie la kufanya. Ningemwambia nini, na kwa sauti ipi?

Mgeni akatoka bila kuaga. Makoo yetu yakaachiliwa, moja baada ya jingine. La Fanisi halikuachiliwa.

Daktari alilimulika akasema ni zima. Wachungaji waliomba mpaka wakachoka. Nami nilikaa naye miezi mingi, nikimwimbia noti nyingine polepole, moja moja, kama anayefundisha mtoto. Wapi! Mpaka leo akifungua mdomo hutoka ile ile. Ndiyo anayowaitia watoto wake chakula, nao huja.

Imba, rafiki yangu, kuimba ni kuzuri. Lakini mtu usiyemjua akikupa sauti, mtazame koo kwanza. Likiwa limetulia, usingoje amalize. Piga kelele yoyote, hata mbaya, ukingali unaweza.