Majedwali ya Njano ya Ban Seok-ju

Ban Seok-ju alizamia chaza wakubwa wa tope hapa katika bandari ya Ocheon mpaka siku hewa ilipomwishia kule chini. Akapanda juu moja kwa moja, bila kusimama njiani. Hewa iliyokuwa imemwingia damuni ikageuka mapovu, na tangu siku hiyo miguu yake, kuanzia magotini, ikawa kama ya mtu mwingine. Akawa anatembea kwa mikongojo, macho chini, ili ajue miguu imekanyaga wapi.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuwatengenezea wenzake majedwali. Jedwali humwambia mzamiaji: umekaa kina hiki kwa muda huu, basi ukipanda simama hapa, ngoja kiasi hiki. Seok-ju aliyachapa mezani jikoni, tarakimu nene nyeusi juu ya karatasi ya njano, maana katika tope letu njano ndiyo inayoonekana. Aliyafunga ndani ya plastiki kwa mashine ya moto, akaacha ukingo mpana, akakata pembe zikawa mviringo zisije zikachana nguo ya mpira. Kisha akayalaza katika beseni la maji ya chumvi. Lililopenyeza hata tone, alilitupa.

“Baba Hye-rin,” mkewe Eun-suk alimwambia, “beseni langu la kimchi umeligeuza bahari. Kabichi ya kuchachusha nitaitia wapi, kofiani?”

Eun-suk alipasua chaza gatini tangu asubuhi. Nyumba yao ilikuwa juu ya ngazi za mawe, na Seok-ju alishuka pale tu alipolazimika, akikaa kitako ngazi moja baada ya nyingine, watu wakijifanya hawamwoni. Siku nyingine zote alikuwa na jiko, dirisha na milingoti ya mashua. Binti yao Hye-rin alikuwa ameolewa mjini Daejeon, na huko alikuwa na chumba cha chini kinachowangoja. Kila mwaka Seok-ju alisema, msimu huu uishe kwanza.

Mwaka juzi akakubali. Alimkabidhi Mo, mchapaji wa pale sokoni, hesabu zote. Wazamiaji wakaja kumuaga na chupa za pombe ya soju.

“Kaka, huko Daejeon utamtengenezea nani majedwali?” akauliza Do Gyu-tae, mdogo wao kuliko wote. “Wapanda lifti?”

“Hata wao wanapanda haraka mno,” Seok-ju akasema, na wote wakacheka.

Majedwali ya Mo yalitoka mazuri. Sehemu ya kungoja aliipaka mstari mpana mwekundu nyuma ya tarakimu, kuonyesha kwamba hapo pana hatari. Gyu-tae akashuka na la kwake. Siku hiyo chaza walikuwa wengi, akakawia kuliko kawaida, na taa yake ikazimika. Alipoanza kupanda akaliinua jedwali karibu na kioo cha uso. Mstari mwekundu ulikuwa umegeuka mweusi, na tarakimu nyeusi zilizokuwa juu yake hazikuonekana tena.

Akaning'inia kwenye kamba, mkondo ukimvuta ubavuni. Juu aliona kivuli cha mashua. Alitamani kupanda, akaikumbuka miguu ya Seok-ju, akabaki. Nahodha aliitikisa kamba kumwuliza kulikoni. Naye akaitikisa kumjibu, ngoja. Alingoja mpaka hewa ya mtungini ikawa nzito kuvuta, ndipo akapanda. Alitoka mzima, midomo ya buluu.

Jioni ile akapanda ngazi za mawe. Maboksi ya kuhamia Daejeon yalikuwa yamekwisha kufungwa.

“Sikuja kukuzuia, kaka. Nataka unieleze tu.”

Seok-ju akalitazama jedwali. “Nyekundu,” akasema. “Nyekundu inakufa majini. Sikumwambia Mo.”

“Basi mpigie simu umwambie,” Eun-suk akasema. “Ni neno moja.”

Akampigia. Mo aliomba radhi mara nyingi, akaahidi kuyachapa upya yote. Kisha akauliza, “Na lipi jingine hujaniambia, kaka?”

Seok-ju akakaa na simu sikioni. Alijaribu kuwaza ni kitu gani mikono yake ilikuwa ikifanya bila yeye kukitaja, na hakukipata. Mo akaita, “Kaka? Upo?”

“Nipo,” akasema.

Alipokata simu alimwomba Gyu-tae amfungulie boksi lenye mashine. Eun-suk akangoja kijana aende.

“Umefurahi alivyokuja.”

“Sijui kama nimefurahi. Najua siwezi kuondoka.”

“Mimi naweza,” Eun-suk akasema, bila ukali.

Alipanda basi la Daejeon wiki hiyohiyo. Hakumkimbia; kila mwezi huja na vyombo vya chakula, akafagia, akarudi. Hye-rin naye akipiga simu huuliza lini, baba, na baba yake humjibu kwamba msimu huu uishe kwanza.

Mo hupanda kwake kila Jumapili kujifunza. Hukaa pembeni akitazama mikono ya mzee na kuuliza kila kitu. Juzi alimwuliza kwa nini kamba ya kuning'iniza jedwali huifunga upande wa kushoto. Seok-ju hakuwa amejua kwamba huifunga upande wa kushoto. Ilimchukua muda kukumbuka sababu, na sababu ilikuwepo.