Vidudu vya Mguu Wangu

Leo nimeua maelfu ya vidudu nikiwa nimeketi tu.

Sawa, uongo. Dawa ndiyo imeua. Mimi nilichungulia.

Daktari alishataka kuukata huu mguu wa kushoto, kidonda kimekataa kupona. Mpangaji wangu Akinyi, anafanya kazi maabara, akachukua usaha wa kidonda akautia rangi. Kwa darubini, kidudu hai kinang'aa kijani, kilichokufa chekundu.

Akatia zile tembe ninanunuanga mbili mbili kwa duka. Kijani tupu!

"Guka, hizi tembe umezoesha vidudu, haziviui tena," akaniambia; huniita Guka, yaani babu.

Akatia dawa ingine. Wacha vianze kugeuka, wekundu kila mahali! Nikapiga kelele kama ni goli.

Kwa hiyo dawa, mguu unabaki. Asante Akinyi, sikufungii maji tena.

Otieno fundi viatu wa Makina, mkokoteni wangu ulikuhamisha bure. Sasa nisaidie: kile kiatu cha kushoto nilikuachia ukikatekate viraka, nikidhani mguu unaenda, tafadhali usikikate.