Unene wa Mpishi

Alifukuzwa kazi kwa wizi wa nyama, na hakuiba hata mfupa. Hilo lisemwe kwanza.

Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda. Mwaka ule uso wake ulivimba ukawa duara, tumbo likatangulia mbele, nyuma ya shingo pakaota nundu. Miguu tu ndiyo iliyokonda, kama ya kuazima. Mwanzoni walimsifu.

"Shoga, maisha yamekukubali!" alisema mwosha vyombo, akambandika jina la Bi Pipa. Wakacheka, naye akacheka, huku kichwa kinamgonga. Presha ilikuwa juu, na vidonge alivyopewa havikuishusha.

Nyama ilipoanza kupungua stoo, msimamizi hakujisumbua kutafuta. Alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Mama, huu mwili unautoa wapi? Kwa upepo?"

"Baba, naumwa. Presha yangu..."

"Presha ya shibe hiyo!"

Kantini nzima iliangua kicheko. Hata mwosha vyombo, aliyezoea kula naye sahani moja, alimgeuzia mgongo akaendelea kuosha. Mpishi akavua aproni, akaondoka.

Nyumbani mumewe aliuliza jambo moja tu: nyama hiyo alikuwa akimpelekea nani?

Akakaa na aibu yake mpaka jicho la kushoto likazima ghafla, akiwa anafua. Ndipo daktari mmoja alipoitazama ile nundu asicheke.

"Mama, unene huu si wa chakula. Kuna uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo. Unamwaga homoni kupita kiasi. Hiyo ndiyo inayokunenepesha na kukupandisha presha, mpaka presha ikaliua jicho."

Uvimbe ukatolewa. Uso ukarudi, jicho halikurudi.

Alikwenda kantini kwa miguu yake.

"Waambie sikuiba," alimwambia msimamizi. "Waambie kwa sauti, kama siku ile."

"Si umepona, mama? Tusifukue makaburi. Nina kazi."

Wapishi waliinamia masufuria. Mwosha vyombo alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Shoga, nyama bado inapungua."

"Umemwambia?"

"Nina watoto, mwenzangu."

Kwa hiyo mtaani bado ni mwizi, na hakuna kantini inayomtaka. Jicho hamdai mtu. Msimamizi ndiye anayedaiwa kumsafisha jina mbele ya watu wale wale waliocheka. Mwosha vyombo anadaiwa ushahidi. Mumewe anadaiwa kuomba radhi, ila radhi ya mume mpishi hata kuingoja ameacha.