Watu wa Ng'ambo ya Utungani

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijalala wala siumwi. Naanza na hayo kwa sababu najua mtakachosema. Wengine mmeshasema. Shangazi yangu alisema ni uchovu wa kazi, wenzetu wa hapa wakasema ni uchochezi, na binamu yangu aliyezaliwa hapa London akanitumia namba ya mtaalamu wa afya ya akili. Namba ninayo. Sijaipiga.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, Lewisham. Shule niliishia kidato cha nne. Kuandika nimejifundisha mwenyewe, na nina ugonjwa mmoja: sivumilii kosa. Ujumbe wa mistari miwili naufuta mara sita kabla ya kuutuma. Nikikosea herufi kwenye daftari, nachana ukurasa mzima. Nimewahi kukosa usingizi kwa sababu ya koma. Usicheke.

Ndiyo maana watu wa Utungani walipotaka historia ya mji wetu iandikwe, walinipa mimi. Utungani ni mji mdogo kusini mwa Tanzania, ukingoni mwa mto Rufiji. Hapa London tuko familia saba. Tunakutana Wembley mara mbili kwa mwaka, tunakula, tunagombana, tunarudi makwetu. Mwenyekiti, nitamwita Mzee Chande, alisema wajukuu hawajui walikotoka.

"Andika mji ulivyoanza, wakazi ni akina nani, waliishi kwa kazi gani," aliniambia. "Tutaisoma mkutanoni, kisha tuiweke mtandaoni. Na unyooshe Kiswahili, binti. Usituaibishe."

Miezi mitano nilipigia simu wazee, nikawarekodi. Nikaandika wakulima wa mpunga, wavuvi, mafundi mitumbwi. Nikaandika kwamba mji ulikuwa na pande mbili, Mjini na Ng'ambo, na mto katikati. Kisha nikafika kwenye mafuriko makubwa, mama yangu akiwa hajazaliwa, yaliyoufanya mji uhamie mlimani, upande wa Mjini. Fahari yetu kubwa ni ya siku hiyo: vijana walifunga mitumbwi miwili pamoja, wakaenda Ng'ambo, wakavusha mashine ya kusaga ya mji mzima. Aliyeshika kafi mbele alikuwa Mzee Chande, kijana wa miaka ishirini.

Sasa niungame. Nyumba nilizotajiwa kabla ya mafuriko zilizidi za baada yake. Niliona. Bibi mmoja wa Dar es Salaam alianza kuniambia kwenye simu, "Sasa wale wa Ng'ambo...", akakohoa, akasema, "Yaache hayo, mwanangu." Nikayaacha. Si kwa woga, niamini. Niliyaacha kwa sababu yaliharibu ukurasa. Nikaandika: "Wakazi wote walihamia mlimani salama." Sentensi safi. Niliipenda.

Wiki moja kabla ya mkutano nilitoka kazini saa tisa alasiri, nikapanda ile treni ndogo ya Lewisham isiyo na dereva. Nikapata kiti cha mbele kabisa, kwenye kioo. Pembeni yangu akakaa bibi mwembamba, koti la kiume mwilini, kanga kichwani. Alitazama reli kwa muda.

"Nani anaendesha?" akauliza kwa Kiswahili.

"Hakuna, bibi. Inajiendesha. Shikamoo."

"Marahaba. Basi hakuna wa kulaumiwa." Akanigeukia. "Wewe ndiye unayeandika Utungani."

Nikadhani anajuana na shangazi. London Waswahili hatupotezani.

"Umeandika vizuri habari ya mashine," akasema. "Mpaka rangi yake umeitaja."

Nilifurahi! Ukurasa ule nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote, na bado nilifurahi kusifiwa. Nikamwomba nimrekodi kama nilivyowarekodi wenzake. Akasema, "Rekodi." Nikamuuliza yeye ni wa upande gani.

"Ng'ambo. Mitumbwi ilikuja kwetu mapema, maji yakiwa magotini. Wakapakia mashine. Nzito ile, watu hawakutoshea. Wakasema, tulieni, tunarudi. Tukatulia."

Kisha akaanza kunitajia watu, nyumba kwa nyumba. Mwanahawa, msusi wa mikeka, na pacha wake wawili. Bakari kiguru, aliyeiga sauti za ndege mpaka ndege wakamjibu. Mkewe Bakari. Aliwataja kumi na tisa. Nilipomuuliza jina lake alinitazama kama nimemtukana.

"Mimi ni wa sita. Ulikuwa husikilizi?"

Treni ikafika Greenwich. Akauliza, "Mbele kuna nini?"

"Inapita chini ya mto, bibi. Inatokea upande wa pili."

"Na watu wote?"

"Wote."

Akacheka kidogo, akasimama. "Mimi huishia huku. Sivuki."

Hakuyeyuka. Alishuka, akabanwa na watalii mlangoni, nikauona mgongo wake hadi milango ilipojifunga.

Nyumbani nikasikiliza. Safari ile haifiki dakika kumi, lakini rekodi ilikuwa ya dakika arobaini na moja. Sauti yake ipo yote. Yangu haipo. Pale nilipouliza kuna ukimya, kisha yeye anaujibu ukimya huo, kana kwamba asiyekuwamo kwenye treni nilikuwa mimi. Na baada ya majina anaanza kuita.

Mto wetu una desturi. Anayetaka kuvushwa husimama ukingoni akaita, "Vushaaa!" na mwenye mtumbwi akisikia hujibu, "Najaaa!" hata kama anakula, hata kama ataenda baada ya saa nzima. Kuunyamazia mwito ule ni aibu hata kwa mtoto. Bibi anaita vusha, anangoja, anaita tena, mpaka rekodi inakwisha. Hakuna anayejibu.

Nikachukua kalamu. Niliandika majina yote, nikakosea la Bakari, nikalirekebisha juu ya kosa lenyewe. Ukurasa sikuuchana.

Shangazi, niliyekuwa naishi kwake, alisoma akiwa amesimama jikoni. "Futa."

"Sifuti, shangazi."

"Unajua nani alikuhangaikia karatasi zako za kuja huku? Mzee Chande. Leo unataka kumvua nguo mbele ya wajukuu zake?"

"Nataka waandikwe tu."

"Basi ukishawaandika, tafuta pa kulala."

Mkutano ulikuwa Jumapili, saa sita mchana, ukumbi umejaa harufu ya pilau. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye mashine watu walipiga makofi. Nikaendelea: "Mitumbwi ilichukua mashine, ikawaacha watu."

"Ruka hapo," akasema Mzee Chande.

"Siruki, mzee."

"Binti, nani kakupa maneno hayo?"

Nikaweka simu kwenye kipaza sauti. Majina yakaanza kutoka. Bibi alipofika wa sita, jina lake mwenyewe, Mzee Chande alikaa chini.

"Zima hicho kitu!"

Shangazi alinijia mbio kuichukua simu. Nikaikumbatia na kipaza sauti chake. Mimi, ninayeomba radhi hata kwa mlango! Kisha mwito ukajaa ukumbini. Vushaaa. Watoto wakacheka, wakanyamazishwa. Vushaaa. Wazee wakatazama sahani zao. Mwito wa tatu ulipotoka, Mzee Chande alisimama, akazungushia mdomo viganja vyake viwili, akajibu kwa sauti ya kijana wa miaka ishirini:

"Najaaa!"

Bibi hakuita tena. Simu ilikuwa bado inahesabu dakika, lakini ndani yake hamkuwa na kitu. Nimeirudia mara nyingi tangu hapo: majina yapo, miito haipo, hata ile mitatu iliyosikika ukumbini.

Mzee Chande hajatoka nyumbani tangu siku ile, ila hajakana neno. Wengine ndio waliokasirika kwa niaba yake. Wamenitoa kwenye kundi la simu; ninaishi chumba cha kupanga. Historia niliiweka mtandaoni mwenyewe; mtu anaifuta kila wiki, nami nairudisha kila wiki. Na jambo moja sijamwambia mtu: sauti yangu hairekodiki tena. Nikimtumia mama ujumbe wa sauti, unamfikia mtupu. Sawa. Naandika.

Nawe uliyepewa mji wenu uuandike, shika neno langu. Nyumba zikikataa kulingana, usizilinganishe kwa sentensi nzuri. Uliza, hata ukiambiwa uache. Usipouliza wewe, atakuja mwenyewe kukuambia, mchana kweupe, na hutajua atakachoondoka nacho.

Na ninyi mnaonitaka nifute: wako kumi na tisa. Sifuti hata mmoja.