Site Ndiyo Imekufa

Dada yangu alipiga simu kutoka Uvira wakati wa chakula cha mchana, akasema mama amezidiwa na ananiulizia. Uvira iko ng'ambo ya mpaka, lakini si mbali. Ukipata mapema gari la Gatumba, pale mpakani, unavuka kabla mpaka haujafungwa jioni. Nikaenda kwa patron, mwenye ofisi, kuomba ruhusa. Ofisi yetu ya mtaa wa Rohero ilitunza tovuti za wateja, na seva zote nilizishughulikia mimi.

Hakuinua macho.

"Site ya hoteli imeanguka. Umeona?"

Nikafungua kwenye simu. Ukurasa mweupe, kosa 502.

"Patron, mama anaumwa sana. Naomba niende, kesho asubuhi nitaitengeneza."

"Apana. Mama yako angali muzima. Site ndiyo imekufa. Kaa."

Nikakaa. Kwenye tovuti ile, seva ya mbele hupokea kila mgeni na kulipitisha ombi lake kwa programu iliyo nyuma. Kosa lile maana yake ya mbele iko hai, ila ya nyuma haiitikii. Lakini programu ilikuwa inafanya kazi. Nikaizima, nikaiwasha. Nikakagua diski, nikakagua cheti cha usalama. 502. Dada akapiga tena, nikamwambia nakuja. Patron alipita nyuma ya kiti changu na kikombe cha kahawa, akasoma skrini, akaondoka.

Jua lilikuwa limeshuka nilipoona. Seva ya mbele ilikuwa inapeleka wageni poti 3000, mlango usio na mtu, na programu inawasubiri 3001. Namba ya seva ya mbele niliiweka mwenyewe zamani, 3001, nikaamini bado ni ileile. Nikairekebisha, nikapakia mipangilio upya, na bwawa la hoteli likatokea kwenye skrini.

"Nani alibadilisha poti?" nikauliza.

"Ni mi," patron akasema. "Asubuhi. Muteja alijua. Nilitaka kuona utaipata namna gani."

"Na niliposema mama anaumwa?"

"Test ilikuwa imeshaanza."

Nilifika Gatumba mpaka umefungwa. Nilipovuka asubuhi, wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha mama na kumfunga kidevu kwa kitambaa.

"Alikuwa anaangalia mulango," dada akaniambia. "Tukamwambia uko njiani."

Baada ya matanga nilirudi kazini. Siku moja patron alileta wateja kutoka Kinindo, akaniwekea mkono begani, akawasimulia jinsi alivyoivunja tovuti makusudi na mimi nikahangaika mchana kutwa. Wakacheka sana. Mmoja akaniuliza kama nilikasirika. Patron akanijibia: "Huyu? Huyu hakasirikagi."

Mama yangu, patron hakumtaja. Nadhani alikuwa amemsahau.

Ningali pale. Dada na watoto wake wamehamia kwangu Gasenyi, na kazi nyingine nimetafuta, sijapata. Hoteli imeridhika na tovuti yake.